Rangi ya Biriani Katika Chupa ya Kombe

Mikindani,
Mtwara.
13 Rajabu 1446
14 Januari 2025

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye kilichomo ndani ya kila chombo kabla hakijafunguliwa.

Mpendwa mwanangu Latifa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta huko Dodoma ukiwa mzima, wewe na mumeo Fahad na mjukuu wetu Husna, ambaye nasikia meno yake ya mbele yameng'oka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua zimeshika, na magoti yangu yanalalamika kila ninaposujudu, lakini nasujudu.

Simu nimeiacha kwa makusudi. Habari hii inataka mkono wangu, kwa kuwa aliyetenda ni ulimi wangu.

Wakumbuka mwezi wa Agosti, ulipokuja kwenye hitima ya marehemu mama yako, nilikuandikia kombe la safari. Niliziandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, ukazisuuza kwa maji, ukanywa, kama ulivyofanya tangu utotoni. Kesho yake ulimi wako ulikuwa bado wa manjano. Ukacheka, ukaniambia, "Mjomba, zafarani haing'ang'anii hivi." Ukaomba unga kidogo kutoka kwenye chupa yangu. Ulisema kuwa kazini kwenu, mbali na kupima vidonge vya malaria, mnatengeneza njia ya kupima rangi ya asili iliyomo katika zafarani, ile mnayoiita krosini.

Nilikupa kwa kiburi. Nilidhani ninawapelekea zafarani ya mfano.

Uliponieleza kazi yenyewe nilisikiliza kwa sikio moja. Sasa nimeielewa. Mashine yenu husukuma kimiminika kwa nguvu ndani ya bomba jembamba lililojazwa unga, na kila kilichomo hutoka kwa wakati wake, hiki mapema na kile baadaye, kikiacha kilima kwenye mchoro. Lakini mashine hiyo hamuiamini mpaka muihoji. Mnaipa maji matupu, muone kama itasingizia. Mnaipa kiasi mnachokijua cha krosini halisi, muone kama itarudisha kilekile. Mnarudia mara sita, kisha mwenzako Andrea anarudia siku nyingine bila kuonyeshwa majibu yako.

Mwishoni mwa Oktoba ukaniletea ujumbe kwamba katika chupa yangu hukuona zafarani. Uliona rangi ya chakula, hii ya kutilia biriani. Ukaongeza maneno ambayo bado ninayo: "Mjomba, njia hatujamaliza kuithibitisha, usimwambie mtu. Na hata tukimaliza, itasema kilichomo kwenye chupa yako tu. Haitasema nani alikitia."

Mimi nimekaa miaka tisa mbele ya masheikh nikifundishwa kutoikubali hadithi ambayo msimulizi mmoja tu katika mnyororo wake hajulikani. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikatangaza kwamba, kwa kipimo chako, duka la Fazal linauza rangi kwa jina la zafarani. Yeye hakuwepo, kwa kuwa Wahindi wa madhehebu yake wana msikiti wao. Zafarani yangu yote hutoka dukani kwake. Mama yake, Batulbai, ndiye hunipimia kwa mkono wake, na kila Shaabani huniongezea ya sadaka.

Watu walifurahi, Latifa. Bado naziona nyuso zile. Waliupokea uzushi wangu kama watu wenye njaa wanavyopokea sinia. Jumapili mlango wa duka, ule wa mbao wenye nakshi, ulikutwa umemwagiwa rangi ya biriani kutoka juu hadi chini. Mtu mmoja, simtaji, alinipita njiani akasema, "Maalim, tumemkolezea Fazal wali wake." Nami nilitabasamu. Nikilikumbuka tabasamu lile natamani kuusugua uso wangu kwa mchanga.

Batulbai akafunga duka. Mama wa miaka sabini na minane akakaa ndani kama mwizi, na Fazal akaanza kuulizia nyumba Dar es Salaam.

Mwezi wa Desemba Fazal alikuja kwangu, akaweka mkekani kopo ambalo halijafunguliwa, la shehena ileile niliyonunua mimi. Hakupandisha sauti. "Maalim, umenisema mbele za watu," akasema. "Basi binti yenu na apime. Mimi siligusi tena. Funga wewe, peleka wewe." Nikalifunga, nikakutumia kwa basi.

Karatasi yako ilinifikia Jumatatu ya wiki iliyopita. Njia mmekwisha kuithibitisha. Kopo la Fazal ni zafarani safi, mara zote sita. Chupa yangu haina krosini hata chembe. Kati ya kopo lile na chupa hii ipo nyumba moja tu, nayo ni yangu.

Nilimsomea mkaza-mjomba wako, Hamisa, aliyekuwa akichambua mchele. Hata hakusimamisha mkono. "Nimebadilisha mimi," akasema. "Zafarani nzuri vile, uiandike halafu uioshe?" Nikamuuliza ile halisi ilikwenda wapi. "Kwenye biriani ya wageni wako. Mwaka wa tatu huu. Si wewe unayewaambia biriani ya Hamisa ina baraka?"

Mwanangu, nilitoka uani nikatapika. Wino nilioutilia nia ya kuandikia Maneno ya Mungu nimeula pamoja na mafuta ya mbuzi, nikalamba vidole, nikacheua, nikamsifu mpishi mbele ya mashahidi. Na wagonjwa wakanywa rangi. Yuko mama aliyembeba mwanawe mwenye homa kutoka Madimba. Mtoto alinyweshwa rangi ile kutoka kwenye sahani yangu, na mama akanibusu mkono.

Hamisa simlaumu kupita kiasi chake. Amelia, na amefunga siku tatu pasipo kuambiwa. Yeye alibadilisha unga, na chupa ilikuwa mkononi mwangu miaka mitatu bila kuishuku. Aliyemzulia mtu ni mimi.

Ijumaa iliyopita nilisimama palepale. Nikaisoma karatasi yako, pamoja na namba nisizozijua, nikasema kosa limetoka jikoni kwangu na uzushi umetoka kinywani mwangu. Wale walionisikiliza kwa hamu safari ile walikuwa wakitafuta viatu vyao. Mmoja akaninong'oneza, "Maalim, mambo ya ndani yamalizwe ndani." Jina la Fazal liliposagwa, hakuna aliyekumbuka kulipeleka ndani.

Nikaenda kwa Batulbai. Alizungumza nami kupitia dirishani. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kuleta vijana waoshe mlango.

"Vijana hawakusimama kunisema," akajibu. "Utauosha wewe, Maalim. Mchana, watu wakipita. Ukimaliza nitajua kama nafungua au nahama."

Niliuosha Jumamosi na Jumapili, nakshi moja baada ya nyingine, kwa mswaki, sabuni na ndimu. Wapo walionisalimu, na wapo walioongeza mwendo. Rangi imeingia ndani ya mbao, nyingine haitatoka. Jana asubuhi Batulbai alifungua ubao mmoja wa mlango, na Fazal akaketi mahali pake. Nikamwomba mama yule aniuzie zafarani. "Ipo," akasema, "lakini kwako bado." Ni haki yake. Mpaka siku atakaponiuzia, siandiki kombe. Wanaokuja nawaombea dua kwa mdomo, na kila mmoja namwambia alichokunywa. Kwa yule mama wa Madimba nitakwenda mwenyewe kesho.

Mfikishie salamu Fahad, na dada yako Mariamu akikupigia. Andrea mshukuru kwa niaba yangu, kwa kazi ya kurudia bila kuonyeshwa.

Pembeni mwa karatasi hii utaona alama ya manjano. Ni kidole gumba changu. Tangu Jumamosi nimetawadha nacho kwa swala zote, na haijatoka. Usihangaike kuipima, naijua ni nini.

Mwenyezi Mungu aihifadhi mikono yako na mizani yako, aijaze nyumba yako rehema, amkuze Husna katika ukweli, na asiniondoe duniani kabla sijasamehewa na niliowadhulumu. Amin.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,

Hemedi