Jani Alilolitafuna Kelvin

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na maharage mmeyatoa shambani kabla mvua haijayaharibu. Sisi hapa Morogoro ni wazima, na Kelvin ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua maneno yameshafika huko kwenu Mbuba, eti Odetha wa mama mdogo amempa mwanangu sumu. Si kweli, mama. Simu ya kaka inasikilizwa na nyumba nzima, ndiyo maana nimekuandikia.

Lile ua linalotambaa nililokuonyesha pichani, lenye majani mfano wa moyo, Odetha ndiye anayelitunza tangu mama mdogo alipomruhusu kuja kwangu. Halina usumbufu. Linakaa sebuleni mbali na jua kali. Anatia kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu ndipo anamwagilia. Likastawi mpaka matawi yakashuka kutoka juu ya kabati hadi kwenye kochi. Sisi tukawa tunafurahia tu.

Jumatatu nikiwa kazini, Odetha alimlisha Kelvin uji, akatoka kuanika nguo. Mama mkwe alibaki na mtoto sebuleni, usingizi ukampitia. Akashtuliwa na kilio. Midomo ya Kelvin imevimba, mate yanamchuruzika, hataki hata maji. Mama mkwe akapiga kelele, majirani wakajaa, naye akamgeukia Odetha.

"Umemwekea nini mjukuu wangu? Sema!"

Nilipofika, jirani mmoja alikuwa amemkaba Odetha ukosi wa gauni. Odetha akaniambia: "Dada, uji ule na mimi nimeunywa." Nilimbeba mtoto, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa nasikiliza kama bado anapumua.

Daktari alimfungua kinywa, akatoa kipande cha jani kwenye fizi. "Nyumbani mna ua gani?" Nikamweleza. Akasema utomvu wake unachoma na kuvimbisha kinywa. Walimsafisha, wakampa maziwa ya baridi kidogo kidogo, wakamwangalia hadi jioni. Uvimbe ulipoanza kushuka, mama, ndipo nami nikakaa kitini.

Nyumbani niliwaita majirani walewale. Nikainua tawi lililolala kwenye kochi, wakaona jani lenye alama za meno madogo. Wakatazama chini. Mama mkwe alimchukua Kelvin, akaenda jikoni, Odetha alikokuwa amekaa na begi lake limefungwa, akamnyooshea mtoto.

"Mwanangu, nimekuonea."

Odetha akampokea.

Matawi tumeyapunguza, na chungu sasa kinaning'inia kwenye ndoano ya dari. Vipande vimo kwenye chupa za maji vinatoa mizizi. Ukitaka nitakuletea kimoja, ila kiwekwe mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki.

Ninalokuomba ni hili: nenda Nyamahanga ukamwambie mama mdogo haya yote kwa kinywa chako. Odetha halali vizuri. Anaogopa kuitwa muuaji kwao. Nimemwambia achague mwenyewe, akae au aende. Akichagua kurudi, nitamsindikiza. Tutashuka basi mchana, watu wakiwepo, na Kelvin atakuwa mgongoni kwake.

Msalimie baba, kaka na wifi, na bibi umwambie mjukuu anakula tena. Mama mkwe naye anakusalimu.

Ni mimi binti yako,
Anastela