Kaburi la Mama Uliloliacha Kwenye Ramani

Shikamoo baba.

Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo: hata aliyekasirika husalimia kwanza. Nami nimekasirika. Hasira hii nimeibeba tangu siku chache baada ya kukuzika. Niliipa muda, nikidhani huenda ni uchungu wa msiba tu, lakini haikuondoka. Nakuandikia mahali ambapo wengine nao watasoma, kwa kuwa nyumbani kwetu yamenyamaziwa mengi, na sipendi kuongeza langu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Kahama kutafuta kifaa cha kuonyesha njia? Gari lilikuwa jipya kwako, ingawa lilikuwa limetumika huko Japani hadi viti vyake vikalainika. Lilikuja na kioo chake cha ramani. Kila ulipowasha injini, kioo kilituonyesha tukiwa katikati ya bahari, na mwanamke mmoja akasema kwa adabu maneno ambayo Ushirombo nzima haikuwa na mtu wa kuyatafsiri. Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha ukasema, "Huyu bado yuko kwao. Tumwache apumzike." Nilicheka mpaka nikashindwa kufunga mkanda.

Simu ulikuwa umeikataa. Herufi zake ni ndogo, inachemka juani, na mtandao unapotea mara tu mtu anapoiacha Ushirombo na kushika barabara ya vumbi ya kwenda Katoro. Lakini nilijua sababu yenyewe. Nilikuwa najiandaa kwenda Dar es Salaam kwa masomo ya shahada ya pili, na hadi wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kiti cha pembeni kukuonyesha njia ya kwenda kwa mama. Mama tulimzika Nyamalulu, mbele ya Katoro, ulikofundisha kwa miaka mingi na nilikozaliwa mimi. Tulimlaza nyumbani, ndani ya ua wa minyaa, kama desturi inavyotaka. Ulipostaafu tukarudi kwenu Ushirombo, yeye akabaki. Na njia za kule zilikuwa hazitulii: wachimbaji wadogo walifungua mashimo mapya kila msimu, malori yakatafuta pa kupita, na njia uliyoijua mwaka jana ukaikuta imeishia kwenye rundo la mawe. Ulitaka kitu ambacho kingekufikisha kwake hata mimi nisipokuwepo.

Nilikuwa nimesoma kuhusu vifaa hivyo kwa umakini ambao sasa naona ulikuwa wa kuchekesha. Ramani iwe imehifadhiwa ndani, isitegemee mtandao. Kioo kiwe kipana. Sauti ishinde ngurumo ya gari kwenye makorongo. Waya wake uingie kwenye tundu la kiberiti cha gari bila kulegea. Na zaidi ya yote, mtu aweze kuweka alama zake mwenyewe, maana vijiji vyetu vingi havijulikani na waliochora ramani hizo.

Mama mwenye duka alitandaza vifaa vitatu juu ya meza ya kioo. Wewe ukavitahini kama wanafunzi. Kionyeshe Kagongwa, kikaonyesha. Kionyeshe Rwamgasa, kikaonyesha. Kionyeshe misheni ya Ushirombo. Hiyo nayo ilikuwemo. Ukatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha ukauliza, "Na Nyamalulu, kwa Mama Kabula?"

Mwenye duka akacheka. "Mzee wangu, mkeo hayumo humu. Huyo utamweka mwenyewe."

Hakujua. Nilikutazama nikingoja umsahihishe. Ukasema tu, "Basi tutamweka," ukaendelea kukagua waya.

Safari ya kwanza kile kifaa kilianguka mara nyingi. Vumbi lilikuwa linaingia kwenye kikombe chake cha mpira, nacho kikabanduka kiooni. Ulikuwa unasimamisha gari, unaulamba ule mpira kama stempu, na kuubandika tena. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke, ya Kiingereza, isiyochoka kuamuru, na kabla hatujafika Katoro ulikuwa umeshampa jina: mwalimu wa zamu. Uliposimama kuwajulia hali watu njiani, naye anasisitiza tugeuze gari, ulimwinulia kiganja: "Subiri, mwalimu wa zamu. Watu kwanza." Kina mama waliokuwa wakiuza viazi dirishani waliinama kuangalia ni nani huyo anayetukaripia, na mmoja akakuuliza kama huyo ndiye mama wa kambo wa binti yako. Ukamjibu kwamba bado mnachunguzana tabia.

Tulipofika kwa mama ulikichomoa kifaa, ukakishika kwa mikono miwili, ukasimama upande wa miguu yake. Tukasubiri kishike setilaiti. Nikaandika neno moja, Mama, nikahifadhi. Ulimwambia kwa Kisukuma, lugha yake, ambayo wewe Msumbwa uliizungumza kwa ajili yake, kwamba sasa njia unayo. Kisha ukanigeukia: "Wabeja, mayu." Yaani asante, mama. Ulikuwa ukiniita hivyo kila ulipotaka kunishukuru.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayonikasirisha. Ungekuwa mtu wa kupuuza ramani, ningekuelewa. Lakini fundi wako wa magurudumu pale Kagongwa alipohamisha banda lake ng'ambo ya lami, banda jipya likionekana kutoka lile la zamani, ulinilazimisha nifute alama ile siku hiyohiyo na kuweka nyingine. Nilikwambia ni kazi bure. Ukanijibu, "Ukiacha uongo mmoja humu, hata ukweli wake sitauamini tena." Uliweka alama ya pampu ya maji isiyokauka. Uliweka ya mama anayepika samaki Katoro. Uliweka hata ya lile korongo lililotuvunjia springi. Hakuna mtu aliyekuwa mwaminifu kwa kifaa kile kuliko wewe.

Nikaenda Dar es Salaam. Kila nilipopiga simu nilikuuliza kama umekwenda kwa mama, na mara zote ulijibu kwamba umetoka kwake karibuni. "Ametulia," ulisema. Nimeyapitia maneno hayo tena na tena nikitafuta uongo ndani yake, na lazima nikiri kwamba siuoni. Ulikuwa unakwenda kwake kweli. Hukuniambia tu kwamba aliko si pale tena.

Ulipoanguka asubuhi ile uwanjani kwako, nilitoka Dar es Salaam nikafika na kukukuta umeshafunikwa. Tukakuzika Ushirombo. Matanga yalipokwisha nilisema nataka kwenda Nyamalulu, maana kwetu aliyetangulia hupelekewa habari kaburini kwake, tena na mwanawe. Shangazi Rosa, dada yako mdogo, akasema nipumzike kwanza. Akasema njia ni mbaya. Akasema gari lina mlio. Nilidhani ananihurumia.

Nikaenda peke yangu. Nikagusa neno Mama, na mwalimu wa zamu akanipeleka bila kusita, kushoto, kulia, mbele, mpaka njia ikaishia kwenye tuta la udongo mwekundu na uzio wa waya. Kifaa kilinitaka niendelee mbele. Mlinzi alikuja, mtu mzima mwenye sare ya kampuni ya mgodi, akanipa pole ya safari na kunieleza kwa upole kwamba huko hakupiti gari.

Nikamwambia naenda kaburini kwa mama yangu, liko hapo ndani, kifaa kinanionyesha.

"Makaburi yalikuwepo," akasema. "Yalihamishwa kiangazi kilichopita. Wenyewe walikuja wakasimamia." Akainama dirishani akanitazama vizuri zaidi. "Kwani nyumbani hawakukwambia?"

Nilizima injini, lakini kifaa kina betri yake, kikaendelea kunihimiza kwenda mbele huku yule mlinzi na mimi tukikisikiliza. Nina shahada mbili. Nilikaa pale mbele ya mtu nisiyemjua kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Niliporudi na kumuuliza, shangazi hakukana. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua. "Alisema habari ya mama yako ni yake kukupa, si yetu. Tukamheshimu. Sasa ungetaka tumwibie?" Nikamuuliza ni lini ulikusudia kunipa. Akasema ulikuwa unashika simu, unaitazama, unaiweka chini. Kisha naye akakasirika, maana na yeye ni dada yako. "Na wewe kila ukipiga ulikuwa unauliza kama kifaa kinafanya kazi. Kinafanya kazi, kinafanya kazi! Hukuuliza kama sisi tunafanya kazi."

Siku iliyofuata alinipeleka. Ni uwanja mpana, makaburi yamepangwa kwa mistari kama madawati, misalaba yote ya aina moja. Sikuhitaji kuonyeshwa la mama. Jina lake limeandikwa kwa mwandiko wako, ule wa ubaoni, K yenye mkia mrefu. Kwa hiyo ulipiga magoti pale na kopo la rangi. Uliandika kila herufi ukaingoja ikauke. Gari lilikuwa limeegeshwa hatua chache nyuma yako, kifaa kikiwa kiooni, na kitufe cha kuhifadhi ukikijua.

Sikulaumu kwa kukubali. Kitongoji kizima kilihama, na sijui kama ulikuwa na namna ya kubaki peke yako katikati ya uzio. Suala la fidia sikuulizi; sitaki kujua. Ninalokuuliza ni hili: mama yangu alitolewa ardhini, akafungwa upya, akabebwa, akashushwa mahali pengine, na mimi mwanawe wa pekee nilikuwa maktaba nikisoma mambo ya watu wengine. Nani alishika sanda yake? Nani alimwambia anapelekwa wapi? Ulinipa kazi ya kuandika jina lake kwenye kioo, ukaninyima ya kumsindikiza. Uliamua kwamba nisingeweza kulibeba, na hukunipa nafasi ya kuthibitisha vinginevyo. Na ile alama ukaiacha pale, ukijua kwamba siku moja nitaifuata. Mtu ambaye hakuvumilia banda la fundi likosewe kwa upana wa barabara, aliniachia mama yangu mahali ambapo hayupo.

Najua unaweza kutetewa. Nimekutetea mwenyewe, usingizi uliponipotea. Huenda uliogopa nitaacha masomo. Huenda kuifuta alama ile kungekuwa kumzika mara ya tatu, na mkono wako ukakataa. Huenda ulikuwa bado unakwenda mpaka kwenye tuta lile na kukaa ndani ya gari, ukimtazama kupitia uzio. Shangazi hajui, hukumwambia mtu. Kila moja ya sababu hizo inaingia akilini, na hilo ndilo linalonitia shaka, kwa sababu zote ni sababu ambazo mtu angezibuni kama ana haraka ya kusamehe. Pia huenda nimekosea kabisa, na hasira hii kwa kweli inawahusu wenye uzio, nami nimekuletea wewe kwa kuwa wao hawana sura. Nimelipima hilo kwa uaminifu nilioweza. Bado naona sehemu yako ni yako.

Wiki iliyopita ndugu walikutana. Wanataka kujengea makaburi kiangazi hiki, lako na la mama kwa pamoja, padri aje abariki yote. Nikasema tutajengea la mama tu. Nitakuwepo tangu ndoo ya kwanza ya zege hadi fundi atakapoosha mwiko wake, na hakuna atakayeligusa kaburi lile tena bila mimi kusimama hapo. Lako libaki udongo.

Baba mdogo akauliza polepole, "Utamwacha Mwalimu anyeshewe, Kabula?"

Nikamjibu ndiyo. Watu wazima wakatazama chini. Shangazi Rosa peke yake ndiye hakutazama chini. Alinitazama mimi. Bado sijui alimaanisha nini.

Kwa hiyo masika yajayo yatakukuta hivyo, baba. Udongo utashuka kidogo, kama unavyoshuka wote. Sitaliacha kaburi lako liote majani. Nitakuja kupalilia mwenyewe, sitamtuma mtu. Nikiwa nimeinama pale nitakuuliza tena niliyokuuliza humu, kwa sauti, na siku nitakapoweza kuyauliza yote bila kutetemeka ndipo nitakapomwita fundi. Inaweza kuwa mwakani. Inaweza kuwa baadaye sana.

Lala, baba, kama unaweza.

Ni mimi binti yako, na wa Mama Kabula,
Kabula