Jina Nililofumua

S.L.P. 2146,
Machakos.
7 Septemba 2025.

Mpendwa wajina wangu Nzisa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na Rodgers wako, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wazee wa watu huko kazini umepata nafuu. Baridi ya huko Leeds najua imeanza kubisha hodi. Sisi huku tuko, Mungu hajatuacha. Mvua bado haijafika, vumbi ndilo limefika. Susu, bibi yetu, yuko Katangi, anakula muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa vizuri na kugombana na kuku wa jirani, ila macho sasa yameisha kabisa. Anatujua kwa sauti na kwa kutushika mikono.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi na simu niko nayo. Wajina, kwa simu nimejaribu mara nne. Naandika, nafuta. Juzi uliona nimefuta ujumbe ukaniuliza ulikuwa unasema nini, nikakujibu kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Kwa hivyo nimechukua kalamu, maana kalamu nikishaandika nimeandika.

Ni juu ya kitambaa. Kile kikubwa cheupe, cha likizo zetu.

Najua hujakisahau, lakini niache nikitaje, labda nikikitaja nitapata nguvu ya kusema nilichokifanya. Kila shule zikifungwa tulipelekwa kwa susu, wewe ukitoka Wamunyu, mimi nikitoka hapa tauni, Machakos mjini, na kabla hatujarudi ulikuwa lazima udarizi picha moja ya hiyo likizo. Kuna Aprili ya beberu aliyekula pindo la rinda langu la kanisa. Kuna Agosti ya silanga, lile bwawa, tulipoenda kuchota maji na kiatu changu kimoja kikabaki kwa matope. Mpaka leo kiko huko. Kuna ile Krismasi mvua ilinyeshea chapati, na susu akasema tule tu, Mungu ametuongezea mchuzi. Kazi yangu mimi ilikuwa kukuchagulia rangi ya uzi na kukuambia mkia wa ng'ombe ni mfupi. Mkono ulikuwa wako, na ulikuwa wa kushoto.

Nakumbuka mwalimu mmoja aliwahi kukufunga huo mkono kwa leso ili uandike na wa kulia. Baba yako, baba mkubwa Musili, aliacha vinyago vyake nusu, akaja shuleni na vumbi la mbao kwa nyusi, akakufungua mwenyewe mbele ya darasa. Halafu akakuchongea lile duara la mti la kubania kitambaa. Alisema mkono ni mkono, kazi ndiyo iangaliwe.

Na ile picha ya mwisho, Desemba 2011. Tulikuwa tumemzika baba yako Novemba. Hukushona mtu yeyote. Ulishona kigoda chake cha miguu mitatu, kitupu, na chini yake kwa uzi wa buluu ukaandika: Nzisa wa Musili. Ilikuwa mara ya kwanza kuweka jina kwa hicho kitambaa. Ulipoenda ng'ambo ukaniachia, ukasema kikae kwa susu, kisitoke pale.

Nilikitoa, wajina. Mwezi wa saba nilikileta tauni kwa sababu panya alikuwa ametafuna kona, nikasema nikishone pindo pale dukani tunapouza nyuzi. Hilo halikuwa baya. Nilikitandaza juu ya kaunta. Akaingia Mwalimu Ann, yule anayeendesha darasa la likizo la wasichana katika ukumbi wa kanisa. Alikiangalia mpaka akavua miwani akaipangusa. Akaniuliza, "Nzisa, kumbe wewe ndiye unajua hivi?"

Mimi nilicheka. Sikusema ndiyo, sikusema la, nilicheka tu kama mtu anayesifiwa, na yeye akachukua kicheko changu kuwa jibu. Ningeweza kumrudisha akiwa bado mlangoni. Nilimwacha akaenda.

Sikuambii haya ili unionee huruma, nakuambia ujue yalikotoka. Susu ni Nzisa, na wanawe wawili kila mmoja akampa binti yake wa kwanza jina la mama, vile sisi hufanya. Basi watu wakatutenganisha kwa baba zetu, wewe wa Musili, mimi wa Mutua. Mtu akisema Nzisa ana mkono mzuri, lazima mwingine aongeze, "Sio huyu, ni yule wa Musili." Hilo "sio huyu" nimelisikia tangu darasa la nne. Siku hiyo kaunta ilikuwa na Nzisa mmoja tu, na mimi nikaona tamu. Wivu ni wivu, hata ukiuvalisha nguo ya kanisa.

Ann alirudi akasema wanataka niwafunze wasichana namna ya kuweka likizo zao kwa uzi, na mwisho kuwe na maonyesho, kitambaa changu kikae katikati. Changu, ndivyo alivyosema. Sasa Ann anamjua baba. Kila mtu hapa anamjua Mutua wa baiskeli. Angesoma pale chini aulize Musili ni nani.

Kwa hivyo niliketi nyuma ya duka saa ya chai, na sindano na wembe, nikafumua "wa Musili".

Ilichukua muda ambao chai hupoa. Uliufunga uzi vizuri sana, wajina, haukutaka kutoka, na mimi nikawa nauvuta herufi kwa herufi, nikianza na ya mwisho, mpaka pakabaki "Nzisa" peke yake. Matundu yakabaki. Nilipiga pasi ili yafunge, hayakufunga vizuri.

Agosti nzima nilifunza. Wasichana kumi na wawili, wengine wa Kyumbi, wengine wa hapa hapa tauni, na nitakuambia ukweli, walinipenda. Mmoja anaitwa Kalekye, mdogo kuliko wote na mdomo wake hauna breki. Alikuwa akishona siku waliyoenda kumwona shangazi yake na gurudumu likapasuka njiani, akakosea, akaniuliza kama anaweza kufumua aanze upya. Nikasimama mbele yao nikasema hapana, kumbukumbu haifumuliwi, ukikosea songa mbele. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Maonyesho yalianza Ijumaa ya mwisho wa likizo. Alikuja Bi Faiza, yule mama anayeshona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, nyuma ya soko. Bibi yake alitoka Lamu na hiyo kazi. Wengine wote walikuwa wameangalia kitambaa mbele. Yeye alishika pembe akakigeuza nyuma. Akapitisha kidole kwa mafundo, polepole, kisha akaniita kando kwa heshima zote.

"Binti, aliyeshona hii ni wa kushoto. Uzi wote umelalia upande wa pili. Wewe nimekuona ukiwashikia watoto sindano kwa kulia."

Nikamwambia natumia yote miwili. Sijui huo uongo niliutoa wapi, ulitoka wenyewe.

"Mashallah," akasema, akanipa sindano na kipande cha kitambaa. "Hebu nione."

Nilishika kwa kushoto, Nzisa. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, nikijichoma kidole mbele ya mama wa watu kwa sababu siwezi kusema neno moja la ukweli. Damu ikadondoka kwa kitambaa chake. Hakucheka. Aliniambia tu njia ya mwongo ni fupi, akaichukua sindano yake akaenda kuwaangalia wasichana na kuwasifu. Hakumwambia mtu. Hiyo ndiyo ilinimaliza, angesema ningeweza hata kumkasirikia.

Asubuhi yake nilikikunja kitambaa, nikamdanganya Ann kwamba susu anakitaka, nikakipeleka Katangi. Nilitaka kukificha tu. Nilifikiri kikirudi sandukuni mambo yatatulia.

Sasa sikiliza. Susu alisikia harufu ya sanduku likifunguliwa, unajua vile lina dawa ya nondo, akaniambia nimletee. Nikamwekea magotini. Wajina, mimi sikuwa najua kwamba susu hukisoma. Hajawahi kusoma herufi hata moja maisha yake, lakini vidole vyake vinajua kila kitu kiko wapi. Alipita kwa beberu, akacheka kidogo. Akapita silanga. Akapita chapati. Akafika kwa kigoda, akashuka chini yake, na pale kidole kikasimama. Kikarudi. Kikashuka tena.

"Musili ameenda wapi?" akauliza.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Badala yake, na hili ndilo sijamwambia mtu mwingine duniani, nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya lile neno lililobaki. Nikamwambia, "Si huyu hapa, susu."

Akalipapasa mpaka mwisho. Akasema, "Huyu ni Nzisa. Huyu namjua, ni mimi. Nimekuuliza Musili."

Nilimwambia labda uzi umechakaa. Aliendelea kupapasa pale patupu, akisema labda ni vidole vyake vimezeeka sasa, kwamba macho yamekwenda na sasa vidole navyo vinakwenda. Alijilaumu yeye. Alitoa mkono akauficha chini ya leso kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kwa aibu tu, kwa sababu huzuni sina haki nayo.

Niliporudi ndani nilimwambia yote. Nilimwambia vidole vyake ni vizima, mimi ndiye nilimtoa Musili. Hakunipiga, ingawa kifimbo kilikuwa karibu. Aliuliza swali moja tu: kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema basi nisimguse tena mpaka ujue. Tangu siku hiyo salamu yangu anaipokea lakini mkono hanipi.

Jumapili nilirudi ukumbini nikasema mbele ya Ann na wazazi na wasichana. Ann aliondoa kadi yenye jina langu, na sijui kama Desemba atanihitaji. Kalekye ndiye aliyeuliza swali. "Kwa hivyo mwalimu, wewe likizo zako ulishona nini?" Mama yake akamfinya. Lakini mtoto hakukosea. Likizo zote zile nilikuwa pale, kiatu kilikuwa changu, rinda lilikuwa langu, na sijawahi kutia hata fundo moja.

Ndani ya bahasha utapata karatasi ndogo iliyokunjwa. Ifungue polepole. Ni ule uzi wa buluu. Sikuutupa, sijui kwa nini, labda nilijua siku hii itafika. Utaona bado umejikunja vile mkono wako uliuvuta. Hauwezi kushonea tena, ni vipande tu, lakini ni wako na wa baba yako, na haukufaa kukaa kwangu.

Mahali pake sijapagusa. Fundi mwingine angeweza kuandika vizuri kabisa, hata Bi Faiza alijitolea, lakini susu angejua si mkono wako. Ulisema ukipata ruhusa mtakuja Desemba. Ukija, duara la baba mkubwa nimelipaka mafuta, liko kwa msumari juu ya kitanda cha susu. Ukiona huwezi kunitazama, niambie, nitashinda tauni siku hizo zote na nitakuachia ufunguo wa sanduku kwa baba. Lakini njoo. Usimwache susu na pengo pale kwa sababu yangu. Ana miaka tisini na moja na kila jioni anaomba kile kitambaa, anashuka mpaka pale chini ya kigoda, anangoja.

Siombi unisamehe kwa barua. Naomba tu ukijua, ujue kutoka kwangu.

Baba anakusalimu sana. Nilimwambia naye, akasema kaka yake asingefanyiwa hivi na mtu wa nje. Mama yako Kamanthe ni mzima, Alhamisi nilimpelekea maharagwe na nikakiri kwake pia, akanikaribisha chai hata hivyo. Msalimie Rodgers. Mungu aulinde huo mkono wako wa kushoto, aulinde mgongo wako, na akulete nyumbani salama.

Maisha yangu yote nilipenda kutia sahihi jina moja tu, ili asiyejua asijue ni yupi. Leo naliandika lote.

Wajina wako akupendaye na mwenye aibu,

Nzisa wa Mutua