Wigo Wangu wa Basak

Subodh,

Wali umo chunguni, dengu zipashe moto. Mwanao Tuktuki asipewe mtindi, bado anakohoa.

Asubuhi hii umeufyeka wigo wangu wa basak, eti pikipiki yako ipate pa kulala. "Mama, siku hizi kuna dawa za chupa!" Na wewe utotoni kifua chako kilifunguliwa na nini? Ni maji ya majani hayohayo na asali, nusu ukinitemea kwenye sari!

~~Sirudi tena.~~ Nimekwenda kwa dada, jioni narudi. Hapa ni kwangu.

Ulipokwenda kuoga bwawani, matawi uliyoyakata nimeyachomeka yote ardhini palepale. Basak hushika upesi, na kwa uchungu wake mbuzi hawaugusi. Pikipiki nimeisukumia zizini kwao. Kiti chake naona wamekipenda.

Mama yako