Mama wa Mapacha Kwenye Ripoti Yangu

Dada Nekesa,

Hapa Kitale kuna baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini roho yangu imetulia. Unakumbuka utafiti wangu wa kina mama wanaolemewa na huzuni baada ya kujifungua? Majina yote nilibadilisha, nikajiona mjanja. Jana, kabla ya kuwasomea watu matokeo kanisani, nilimwonyesha mama mmoja sehemu yake. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Jina umeficha, lakini umeandika mama wa mapacha anayeshona yunifomu. Hapa si ni mimi tu? Ati niliogopa kuwabeba watoto wangu, na mama mkwe atakuwa hapo?"

Nilichukua kalamu papo hapo, bana. Nikafuta mapacha, nikafuta na cherehani.

Leo nimesoma, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinua mkono: "Na huyo mama, siku hizi anawabeba watoto?"

Nikasema anawabeba.

"Afadhali," mama mkwe wake akaguna kando yake. "Maskini, angekuwa wetu tungemsaidia."

Mkumbatie mama hapo Kanduyi. Mwambie kazi yangu haijamuumiza mtu.

Mdogo wako,
Nafula