Moyo wa Nani Kwenye Dosiye

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Dorine amekuja tena, yule muuguzi mpya wa enkete, ule utafiti wa moyo. Miaka minane walimpima mume wangu kila mwaka: tansiyo, yaani presha, damu, chumvi anayokula. Wanataka kujua watu wa Kampemba wanazeekaje. Zakari hakuzeeka. Mwezi wa nane alianguka mpakani Mokambo, kwenye foleni ya forodha. Sasa Dorine anauliza: miguu ilivimba? Alikohoa? Alilala ameketi? Kwa nini leo, akiwa kaburini? Eti wafunge dosiye yake, faili la vipimo, vizuri. Kufunga! Kuna kitu wanaficha.

Jumatano, 5 Novemba
Nilimwambia: lete dosiye nione. Kaleta. Mwaka jana mashine ilionyesha moyo unapiga vibaya, akapewa barua amwone daktari upesi. "Hakukuambia, mama?" Hakuniambia. Zakari, aliyekuwa akinisimulia hata kifungo kilichomkatikia njiani!
Kisha nikaona urefu. Miaka sita ya kwanza: mita moja na sentimita sitini na tano. Miwili ya mwisho: mita moja na themanini na mbili. Mtu wa miaka hamsini anarefuka? Suruali zake zote nilizikata miguu mwenyewe, vipande bado ninavyo. Nikarudisha karatasi.
Mrefu kwetu ni mmoja tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Shafi, mdogo wake Zakari, huyo mrefu, alipita baada ya sala. Niko kwenye eda, kwa hiyo yeye uani, mimi nyuma ya pazia. Nikamuuliza. Akacheka: "Shemeji, weye uko polisi sasa?" Halafu akakubali. Mara mbili siku ya randevu ya kupimwa ilimkuta Zakari Mokambo, na hakutaka wamfute kwenye orodha; akamtuma yeye. "Yaya aliniambia: wende tu, moyo ni moyo." Yaya, ndivyo anavyomwita kaka yake.
Na barua? Alimpa Yaya. Yaya akaisoma, akaitia mfukoni, basi.
Zakari alijua ni moyo wa mdogo wake. Akanyamaza — kwa aibu ya uongo wake? Sitaki kumfikiria hivyo. Namfikiria.
Nikamwambia Shafi: barua ile ni yako.
"Aye, shemeji! Iliandikwa jina la Yaya. Na Yaya alishakufa. Ilimupata mwenyewe."
Eti ugonjwa umekwenda na jina!

Jumapili, 9 Novemba
Feza, mke wa Shafi, kaleta sufuria ya sombe, kisamvu. Nikamuuliza, kama mzaha, mumewe analalaje. "Anakaa kitako, mito mitatu mugongoni. Anasema ni joto."
Joto! Na mvua hii?
Nikisema, Kampemba nzima itamcheka marehemu. Nikinyamaza, Feza naye atakaa nyuma ya pazia.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimewaita Dorine na Shafi, wote wawili saa nne. Kila mmoja hakujua kuhusu mwenzake. Mimi pia mwongo sasa.
Wako uani. Naandika nikiwasikiliza. Shafi anatania: "Pole pole, mama, huu mukono iko na bibi yake." Pampu: fyu, fyu, fyu. Dorine hacheki. Anapima tena. Anabadilisha mkono. Mara ya tatu.
"Ulishapimwa kwetu, papa?"
"Hapana."
"Jina?"
Kiti kinalia — amegeukia huku.
"Shemeji," ananiita, sauti ndogo. "Niseme jina gani?"