Mbegu nyekundu niliyoosha mara tatu

Siku ya ine ya juma, asubui. Mawingu inapita tu, mvua inatukatalia tena. Naandika nikiwa ku benchi ya sante, hapa kwenye wanatibia wagonjwa, daftari ku magoti. Mutanisamehe herufi.

Furaha, binti yangu, iko ndani, ku kitanda ya pili. Iko na miaka ine. Toka jana jioni anatapika, tumbo inamukaza, mate inamutoka bila kuisha. Infirmye, muuguzi wetu, alimuangalia, akasema labda ni malaria, akamupa dawa. Kisha akaniuliza: "Mama, mutoto alikula nini?"

Nikajibu: "Bukari ya muhogo na sombe ya majani yake, kama kila siku."

Niliongopa.

Acha niandike kwanza huku, kwa sababu mudomo imekataa. Yule binti wa kujitolea mwenye kutufundisha kusoma alituambia sisi wamama wa kikundi ya kulima: andikeni vile munasema, musiogope. Basi nisikilizeni.

Mahindi ya mbegu iko kwangu. Watu wa kujitolea waliileta na pikipiki kutoka Kasongo, gunia moja ya kikundi chote, tupande siku mvua itanyesha. Kwetu mbegu inalala kwa mama mumoja, juu ya jiko, moshi ifukuze wadudu. Na toka zamani, njaa ikikaza, yule mama anachota kidogo, anaosha moshi, anapikia watoto. Hakuna mutu wa kumuhukumu.

Lakini hii haikuwa mbegu ya moshi. Hii ni nyekundu, iko na dawa ya wadudu. Agronomo, fundi wa kilimo, alituonyesha picha ya fuvu ku gunia. Na ni mimi nilisimama kuwaelezea wabibi kwa Kizimba, luga yetu ya nyumbani! Nikafanya na muzaha: "Mwenye atapika hii, masuke itamuota ku masikio!" Wamama wakacheka mpaka machozi. "Mama Furaha, acha, utatuua na kicheko!"

Muhogo wangu ilishikwa na ugonjwa, ikaozea mu shamba. Bwana yangu iko Salamabila anachimba dhahabu, siku nyingi hakuna habari. Furaha alilia njaa siku mbili. Jana akaacha kulia.

Hiyo ndiyo iliniogopesha.

Nikachota bakuli moja. Nikaosha. Maji ya kwanza ilikuwa kama damu ya kuku, ya pili ikafifia, ya tatu ikatakata. Nikasema: si unaona, imetoka, kama moshi. Nikatwanga, nikapika uji.

"Mama, na wewe?"

"Mimi nimeshiba, mama yangu. Kula."

Nimeshiba nini? Sijui kama nilimuachia yote kwa upendo, ao kwa sababu roho yangu ilikuwa na mashaka. Mungu anajua. Mimi naogopa kujua.

Sasa hivi Mama Sifa, jirani yangu wa kikundi, amepita na jagi ya maji. "Yaya, dada yangu, usilie hivi. Malaria ya watoto inaponaka. Na mbegu yetu iko muzuri? Mvua ikinyesha tu, utatuona ku mulango, na mabakuli ku kichwa!" Akacheka, akanishika bega. Nikamuitikia. Kila neno lake ilinichoma.

Nikisema, kikundi itanifukuza. Wale wa kujitolea watasema hawa watu wanakula mbegu, watafunga mizigo. Na darasa yetu, na huyu infirmye mwenye walituletea, vyote vitaenda na jina langu.

Lakini agronomo alisema neno moja lenye linanipiga kichwani toka usiku: mutu akikula hii, mukimbie sante, museme haraka, dawa yake si ile ya malaria.

Museme haraka. Na mimi niko naandika!

Mu kitambaa changu kuna kipande ya gunia, ile yenye fuvu. Niliikata mbele ya kubeba mutoto kuja huku. Mukono wangu ulishajua, mudomo peke yake ndiyo ilikuwa inakataa.

Infirmye iko mu chumba ingine, anafunga kidonda ya mutu wa pikipiki. Mulango imefungwa. Nilikuwa najiambia, ngoja afungue.

Sitangoja.

Wamama wa kikundi, mukisoma hii: gunia yenu imepungua bakuli moja. Ni mimi. Mutanihukumu kesho.

Nasimama. Nagonga.